Mjamzito anayevuka mpaka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu miongozo ya uzazi Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi

Mkoa wa Kagera unapakana na nchi tatu. Mutukula unavuka kwenda Uganda, Rusumo unaingia Rwanda, Kabanga unaingia Burundi. Mwanamke wa huku anaweza kushika mimba akiwa Bukoba, akaanza kliniki Kampala anakofanya biashara, kisha akaenda kujifungulia Ngara kwa mama yake. Mimi ni mkunga, na maswali ya hapa chini ndiyo ninayoulizwa na kina mama hao, waume zao, mama wakwe zao, na wauguzi wapya waliopangiwa vituo vya mpakani. Majibu mengine ni marefu na mengine mafupi, maana maswali yenyewe hayana uzito mmoja.

Huo "mwongozo" mnaoutaja kila mara ni kitu gani?

Ni kitabu cha Wizara ya Afya kinachoeleza mjamzito apimwe nini, apewe dawa gani na kwa kiasi gani, na apewe rufaa lini. Kila nchi ina chake. Msingi huwa mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani, WHO, lakini mapendekezo hayo hayafanyi kazi yoyote kituoni mpaka nchi iyapokee, iyalinganishe na mazingira yake na kuyaandika upya kwa watumishi wake. Vyama vya madaktari bingwa wa uzazi na magonjwa ya wanawake hushiriki: Tanzania wapo AGOTA, Uganda wapo AOGU. Kipo pia chuo cha pamoja cha mabingwa hao kwa Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini, kiitwacho ECSACOG.

Kwa nini nchi jirani zisitumie mwongozo mmoja? Mwili wa mwanamke si ni uleule?

Mwili ni uleule, ndiyo maana sehemu kubwa ya vitabu hivi inafanana kama mtu na nduguye. Kifafa cha mimba kinatibiwa kwa dawa ileile Kigali na Kigoma. Tofauti nyingi chanzo chake kiko nje ya mwili.

Kubwa ni malaria. Mbu hawatapakai sawasawa, na vimelea vinavyostahimili dawa fulani havikuenea kila mahali kwa kiwango kimoja. Hata ndani ya Tanzania tu, mjamzito wa Tanzania Bara anapewa kliniki vidonge vya SP, dawa ya kumkinga na malaria, lakini Zanzibar waliacha kuvitoa baada ya malaria kushuka sana visiwani. Nchi moja, kliniki mbili tofauti.

Kisha kuna suala la muda. WHO ikitoa pendekezo leo, nchi moja inalipokea mwaka ujao, nyingine inasubiri miaka minne kwa sababu ndiyo kwanza imechapisha kitabu na kufundisha watu wake. Ukivuka mpaka katikati ya kipindi hicho unakuta mambo mawili, na unadhani kuna anayekosea. Mara nyingi hakuna anayekosea: mmoja anasoma toleo jipya, mwingine la zamani. Fedha nazo zina sauti. Dawa inayohitaji jokofu haiandikwi kuwa ya lazima mahali ambapo zahanati nyingi hazina umeme wa uhakika.

Nasema wazi ninachokiamini baada ya kuwahudumia kina mama wengi wa njiani: tofauti za miongozo zinawaumiza wachache. Wengi wanaumia kwa sababu taarifa zao zilibaki upande wa pili wa mpaka.

Nilianza kliniki Uganda, sasa niko Tanzania. Nianze upya?

Hapana. Unaendelea ulipoishia.

Kuanzia mwaka 2016 WHO inapendekeza mahudhurio yasiyopungua 8 badala ya 4 ya zamani. La kwanza liwe ndani ya wiki 12 za mwanzo, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Tanzania na Uganda zote zimeupokea utaratibu wa 8. Kwa hiyo ukifika huku una wiki 28 na ulishahudhuria mara mbili Kampala, hudhurio lako la hapa ni la tatu.

Vipimo navyo si vyote vinavyorudiwa. Kundi la damu halibadiliki, mradi jibu limeandikwa vizuri. Wingi wa damu hupimwa tena kwa sababu hushuka kadiri mimba inavyokua. VVU hurudiwa baadaye katika ujauzito hata kama jibu la kwanza lilikuwa hasi, kwani mtu anaweza kuambukizwa katikati.

Kuhusu picha ya utrasaundi, itunze ile ya mwanzo kuliko zote. WHO inataka ifanyike moja kabla ya wiki 24, maana ndiyo inayokisia umri wa mimba kwa usahihi. Picha ya mwezi wa nane inaweza kukosea umri kwa wiki mbili au tatu, kwa kuwa watoto wameshaanza kutofautiana ukubwa. Nimeona mama akibadilishiwa tarehe ya kujifungua kwa sababu ya picha ya mwisho, huku ile ya wiki ya 10 imekunjwa ndani ya mkoba na hakuna aliyemuuliza. Itoe mwenyewe, usingoje kuulizwa.

Kadi yangu ni ya Burundi, imeandikwa Kifaransa. Muuguzi wa Tanzania ataielewa?

Swali hili nalipenda kwa sababu lina jibu la kusaidia pande zote mbili.

Kwa mazungumzo hakuna shida kubwa. Mhangaza wa Ngara na Mrundi wanaelewana kwa lugha zao. Tatizo liko kwenye vifupisho. Kadi ya Tanzania ina nafasi ya LNMP, yaani siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kwenye kadi ya Kifaransa jambo hilohilo ni DDR. Herufi TA ni presha. SA ni wiki zinazohesabiwa tangu hedhi ya mwisho, na hesabu hiyo ni sawa na ya kwetu. Lakini Kifaransa kina hesabu ya pili, ya wiki au miezi ya ujauzito wenyewe, inayoanzia siku mimba ilipotunga. Hiyo iko nyuma kwa wiki mbili. Ukiona umri wa mimba usiolingana na tumbo, kwanza uliza umehesabiwa kuanzia wapi.

Ulio hatari kuliko yote ni uandishi wa presha. Sisi tunaandika 140/90. Waliosomea mfumo wa Kifaransa wamezoea kusema au kuandika 14/9. Ni kitu kimoja. Muuguzi mgeni akiona 16/11 asidhani ni kosa la kalamu akairuka, maana hiyo ni 160 juu ya 110, na mama huyo anatakiwa kutibiwa sasa hivi.

Namba za mimba na uzazi, zile za G na P, zinafanana kote.

Nilikuwa Kirehe, Rwanda, sikupewa SP hata mara moja. Nimefika Ngara nimepewa vidonge vitatu nimeze palepale. Nani amekosea?

Hakuna. Rwanda iliacha kutoa SP ya kinga kwa wajawazito mwaka 2008 baada ya kuonekana kwamba vimelea vya malaria vimeizoea dawa hiyo. Wao hutegemea chandarua chenye dawa, kupima mapema na kutibu haraka. Tanzania Bara na Uganda zinaendelea kuitoa, kwa sababu hata pale usugu ulipo, imeonekana bado inasaidia mtoto azaliwe na uzito mzuri.

Ukiwa upande unaotoa SP, mpango wa WHO ni kuanza mwanzoni mwa miezi mitatu ya pili, si kabla ya hapo, na kurudia kila hudhurio mradi upite angalau mwezi mmoja kati ya dozi na dozi. Lengo ni dozi tatu au zaidi. Unameza vidonge vitatu kwa pamoja mbele ya muuguzi. Kina mama wengi huniomba wakavimeze nyumbani baada ya kula. Si lazima uwe umekula.

Mambo mawili lazima uyataje kabla ya kumeza. La kwanza, kama unatumia Septrini kila siku kwa sababu una VVU, usimeze SP. Dawa hizo ni za ukoo mmoja na zikichanganywa zinaweza kukuletea madhara makali, na Septrini yenyewe tayari inakukinga. La pili ni foliki asidi. Kiasi cha kawaida cha kliniki, mikrogramu 400, hakina shida. Ile ya miligramu 5, ambayo wengi huinunua dukani wakidhani nyingi ndiyo bora, inadhoofisha SP. Onyesha pakiti.

Ukiugua malaria ukiwa Rwanda, Uganda au hapa, dalili na hatari ni zilezile. Mwaka 2022 WHO ilikubali dawa mseto ya ALU itumike hata katika miezi mitatu ya kwanza, jambo ambalo hapo awali liliepukwa. Usishangae vituo viwili vikikupa majibu tofauti kuhusu miezi hiyo mitatu. Usichoruhusiwa kufanya ni kukaa na homa nyumbani.

Nina VVU. Dawa zangu zitabadilishwa nikivuka?

Kwa kawaida hapana. Uganda ilianza mwaka 2012, na Tanzania mwaka 2013, kumpa kila mjamzito mwenye VVU dawa za maisha bila kusubiri CD4, yaani chembe za kinga ya mwili, zishuke. Sasa nchi hizi zote hutumia zaidi kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovir, lamivudini na dolutegravir. Omba barua ya uhamisho, na uombe dawa za miezi kadhaa kabla ya safari. Kukosa dozi za wiki mbili kwa ajili ya basi na ndugu ni hatari kwa mtoto kuliko tofauti yoyote ya vitabu.

Presha ilinipanda mimba iliyopita. Nchi zote zinafuata jambo moja?

Hapa zinakubaliana karibu kila kitu, na inafaa ujue kwa nini. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 ulionyesha kwamba magnesiamu salfeti inapunguza kwa nusu hivi uwezekano wa mama mwenye presha ya mimba kupata degedege. Tangu hapo ndiyo dawa ya kifafa cha mimba kila mahali. Kinachotofautiana ni namna ya kuichoma: wengine kwenye makalio kila baada ya saa 4, wengine kwa dripu ya taratibu. Zote ni njia sahihi. Muuguzi anayekupokea kwa rufaa anahitaji kujua dozi ya kwanza ulichomwa saa ngapi, kiasi gani na wapi, ili asirudie wala asipunje. Hilo liandikwe kwenye karatasi ya rufaa. Kulisema kwa simu pekee hakutoshi.

Kwa mimba mpya, mama aliyewahi kupata tatizo hili huanzishiwa aspirini ndogo ya miligramu 75 hivi kila siku kabla ya wiki 20. Kalisi nayo hupendekezwa mahali ambapo chakula hakina kalisi ya kutosha. WHO ilizoea kutaja gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, ambavyo ni vidonge vitatu vikubwa vya kuchosha. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Bangalore nchini India: miligramu 500 haikuonekana kuzidiwa na 1,500 katika kuzuia presha ya mimba. Najivunia kwamba kina mama wa Dar es Salaam ndio waliotoa jibu hilo kwa dunia.

Kutokwa damu baada ya kujifungua: je, njia zinatofautiana?

Hiki ndicho kinachoua kina mama haraka kuliko vingine, na ndipo mambo yanabadilika kwa kasi miaka hii.

Kwa miaka mingi tulikadiria damu kwa macho. Tulitazama shuka, beseni, sakafu, kisha tukasema "ni kidogo". Macho hudanganya, na hudanganya kwa kupunguza. Utafiti uitwao E-MOTIVE ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kukiwa na wanawake zaidi ya 200,000, na matokeo yalitoka mwaka 2023. Mama aliwekewa chini ya makalio mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia damu. Ikifika kiwango cha hatari, mambo yote yanafanywa kwa mkupuo: kusugua mfuko wa uzazi, sindano ya oksitosini ya kukaza mfuko wa uzazi, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu igande, dripu, na kukagua damu inatokea wapi. Zamani tulijaribu moja, tukasubiri, tukaja na jingine. Kwa mkupuo ule, visa vya kutokwa damu kupita kiasi, kupasuliwa tumbo kwa ajili yake, au kifo, vilipungua kwa asilimia 60.

Mwaka 2025 WHO, pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya mabingwa wa uzazi na ya wakunga, ilitoa mwongozo mpya: kama mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida ametoka mililita 300 na mapigo ya moyo au presha yake si ya kawaida, anza kutibu. Usisubiri zifike 500. Nchi zitaupokea kwa nyakati tofauti. Kwa hiyo kituo kimoja kinaweza kuanza matibabu mapema na kingine kikangoja 500. Ndugu anayemsindikiza mama ana haki ya kuuliza, "Damu imefika ngapi?" Swali hilo peke yake humfanya mtu apime.

Oksitosini inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kwenye kabati lenye joto inapoteza nguvu huku kichupa kikionekana kizima. Ndiyo sababu ya kuingizwa karbetosini isiyoharibiwa na joto, iliyojaribiwa kwa karibu wanawake 30,000 katika nchi 10, Uganda na Kenya zikiwamo, na kupendekezwa na WHO mwaka 2018 kwa ajili ya kuzuia. Muuguzi mpya, hapo nakusihi: ni ya kuzuia. Damu ikishaanza kumwagika, rudi kwenye oksitosini na vingine.

Nilifika hospitali njia imefunguka sentimita 4 wakaniambia nitembee kwanza. Dada yangu, nchi ya pili, kwa 4 hizohizo alilazwa. Kwa nini?

Kwa sababu ya karatasi mbili. Patografu, yaani karatasi ya kufuatilia uchungu, tuliyosomea wengi wetu ilizaliwa Harare, enzi hizo ikiitwa Salisbury, ambako madaktari Philpott na Castle waliichapisha mwaka 1972 ili wakunga wa vituo vya mbali wajue lini kumpeleka mama hospitali kubwa. Kipimo chake kilikuwa sentimita moja kwa saa. Iliokoa watu. Lakini utafiti wa wanawake zaidi ya 5,000 wa Uganda na Nigeria, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba wengi hufunguka polepole kuliko hivyo na bado wakajifungua salama. Karatasi mpya ya WHO ya mwaka 2020 inahesabu uchungu wa kasi kuanzia sentimita 5, si 4 kama tulivyozoea. Wewe ulipokelewa kwa mpya, dada yako kwa ya zamani. Kama chupa imepasuka, unatokwa damu, una presha au una kovu la upasuaji, usikubali kurudishwa nyumbani kwa hesabu ya sentimita peke yake.

Uchungu umenianza na mimba ina wiki 30. Kituo kimoja kilikataa kunichoma sindano ya mapafu ya mtoto. Ni ubaguzi kwa sababu mimi ni mgeni?

Naelewa uchungu wa swali hili, lakini sababu ipo. Mwaka 2015 utafiti katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwamo, ulisambaza sindano hizi mpaka vituo vya chini. Vifo vya watoto wachanga vikaongezeka. Mwaka 2020 utafiti mwingine, Kenya ikiwamo tena, ukafanyika katika hospitali zenye utrasaundi na huduma ya watoto njiti, na vifo vikapungua. Dawa ni ya aina ileile. Ndiyo maana WHO imeweka masharti: umri wa mimba ujulikane kwa uhakika, mama asiwe na maambukizi, na mtoto apate huduma akizaliwa. Kituo kisicho na hivyo kinatakiwa kukupa rufaa ya haraka. Kikikunyima sindano na rufaa pia, hapo kimekosea.

Mimba ikiharibika nikiwa ugenini, nitashtakiwa?

Sheria za kutoa mimba zinatofautiana sana kati ya nchi hizi. Kutibiwa damu inayotoka baada ya mimba kuharibika ni huduma ya dharura katika zote. Nenda mapema. Wanaokufa ni wale wanaojificha.

Binti yangu alichanjwa HPV, chanjo ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi, Rwanda. Achanjwe tena hapa?

Onyesha kadi yake kwanza. Rwanda ilitangulia mwaka 2011, Uganda ikafuata 2015, Tanzania 2018. Wakati huo dozi zilikuwa tatu au mbili. Mwishoni mwa mwaka 2022 WHO ilisema dozi moja inatosha kwa wasichana, na Tanzania imehamia huko tangu 2024. Mwenye VVU huhitaji zaidi ya moja.

Kujifungua ni bure kote?

Kwa maandishi, karibu. Uganda iliondoa malipo katika vituo vya serikali mwaka 2001. Burundi ilifanya kujifungua kuwe bure mwaka 2006, na Tanzania ina sera ya msamaha kwa wajawazito. Uliza mapema kama mgeni anahesabiwa, na weka akiba ya nauli na vifaa hata hivyo. Ukiwa Tanzania na dharura ya uzazi ikakupata, namba ya usafiri wa m-mama ni 115, haina malipo.

Ni dalili gani nisisubiri tarehe ya kliniki?

Kutokwa damu ukeni. Kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, uso au mikono kuvimba. Degedege. Homa. Maji kutoka kabla ya uchungu. Mtoto kupunguza kucheza. Tumbo kuuma bila kuachia. Baada ya kujifungua ongeza damu inayolowesha pedi moja baada ya nyingine, na kupumua kwa shida. Hakuna nchi kati ya hizi ambayo mwongozo wake unasema mama huyu arudi kesho.

Nikipoteza kadi?

Rudi au piga simu kituo ulikoanzia. Majina yako yamo kwenye rejista yao pamoja na vipimo. Kama umeshavuka na huwezi kurudi, mwambie muuguzi unachokikumbuka hata kwa kukisia: hedhi ya mwisho, dozi za SP, sindano za pepopunda, upasuaji wa nyuma. Na kuanzia hudhurio lijalo, kabla hujatoka getini, piga picha kila ukurasa wa kadi kwa simu, kisha mtumie mume au mama yako picha hizo. Simu nazo huibwa Mutukula.